Hasara ya tajiri sio shida ya maskini, tusichanganye mambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Najua nitaandika ndefu, ukiona imezidi kata popote utakapoona panafaa, ila ile sehemu ya jedwali nakuomba usiiguse.

Toleo la wiki jana kuna msomaji mwenzangu aliandika kwamba sisi wa kipato cha chini tumezidi malalamiko, eti uchumi ukibana unabana wote, tajiri naye anaumia, tena anaumia zaidi kwa sababu yeye ana cha kupoteza wakati sisi hatukuwa nacho tangu mwanzo. Akamalizia kwamba wote tuko kwenye mashua moja kwa hiyo tuache wivu tupige makasia. Ile barua niliisoma asubuhi nikairudia tena jioni. Sikukasirika jamani, kuna mahali nilikubaliana naye kabisa, na ndo maana naandika, maana angekuwa amekosea kila kitu ningegeuza tu ukurasa nikasoma habari za mpira.

Alichopatia ni kwamba matajiri kweli wanapoteza hela. Alitaja mabilionea kwa ujumla bila majina, mimi nitamsaidia na jina kabisa. Elon Musk, kuanzia Novemba 2021 mpaka Januari 2023, alipoteza kama dola bilioni 182 kwa hesabu za jarida la Forbes, mpaka wale jamaa wa rekodi za dunia za Guinness wakamwandika kuwa ndo binadamu aliyewahi kupoteza mali nyingi kuliko wote. Bilioni 182! Kuna nchi na nchi hazifikishi hapo hata ukijumlisha kila kitu kinachozalishwa mle ndani mwaka mzima. Sasa ukisikia namba kama hiyo unaweza kweli ukamhurumia mtu. Ila kabla sijatoa machozi niliuliza, amebaki na ngapi? Kama bilioni 138. Hapo ndo nikaanza kujiuliza maswali ya kijinga kijinga, yaani siku ile bilioni ya mwisho ilipoondoka, usiku ule alilala wapi? Kuna taa ilizimwa kwake? Kuna mtoto alirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, kuna dawa alikunywa nusu dozi ili nusu nyingine ibaki ya kesho? Ile hela ilikuwa ni bei ya hisa za kampuni yake ya magari ya Tesla, na bei ya hisa inapanda na kushuka mwenyewe akiwa usingizini, na kabla mwaka 2024 haujaisha alikuwa ameshapanda juu kuliko pale alipoanzia kuanguka.

Kwa hiyo mwenzangu kachanganya vitu viwili, hasara na shida. Hasara ni pale ulichonacho kinapungua. Shida ni pale unapoanza kuchagua, hiki nikiache ili kile kipatikane, na vyote viwili vilikuwa vya lazima. Mtu anaweza kupata hasara kubwa kuliko mtu yeyote tangu dunia iumbwe na asikutane na shida hata siku moja, na mwingine anaweza kupoteza kitu kidogo tu ambacho hata ukikitaja kwenye kikao watu watakushangaa, na maisha yake yakageuka kuanzia siku hiyo.

Hilo sijalisoma mahali, nimelichapa kwa vidole vyangu mwenyewe. Mi ni karani wa hesabu, mwaka wa kumi na mbili huu, na kampuni sitaitaja maana bado nakula hapo. Kuna mwaka mauzo yalishuka vibaya, na kwa kweli yalishuka, vitabu nilikuwa navishika mimi, hapakuwa na uongo. Bosi akatuita wote, ofisi nzima, mpaka walinzi, akaongea vizuri sana, anajua kuongea yule mzee, akasema ndugu zangu tufunge mikanda, hali ni ngumu kwa kila mtu, hata mimi mnayeniona hapa naumia. Watu wakaitikia kwa vichwa. Jioni akaniita akanipa karatasi ameandika kwa mkono, akasema hebu nipangie hii vizuri kesho iende ubaoni. Nikafungua kompyuta nikatengeneza jedwali. Safu ya kwanza namba, ya pili kinachopunguzwa, ya tatu muda, hiyo ya tatu nitairudia baadae. Mistari ilikuwa saba. Wa kwanza posho ya usafiri, inaondolewa. Wa pili ovataimu, inasimama. Wa tatu wafanya usafi, badala ya siku sita wanakuja tatu na malipo yanafuata siku. Wa nne bima ya afya, inabaki ya mfanyakazi mwenyewe, wategemezi wanatoka. Wa tano vijana wa mkataba, mikataba haihuishwi. Wa sita vocha za simu. Wa saba, ununuzi wa gari jipya la mkurugenzi, unaahirishwa.

Sasa mnajua jedwali lilivyo, kila mstari una upana ule ule, herufi zile zile, ukisimama mbali kidogo na ubao unaona mistari saba imepangana kama ndugu. Posho ya mtu kufika kazini na gari jipya la mtu ambaye la zamani lina miaka mitatu tu, vyote vimekaa kwenye chumba chake kimoja kimoja, hakuna aliyezidi mwenzake. Mi mwenyewe nilivyolimaliza nililiona zuri. Kesho yake yule mama wetu wa usafi, kusoma kunampa tabu kidogo, akanivuta pembeni akaniuliza, "Mwanangu, na mimi humo nimo?" Nikamwambia umo mama, mstari wa tatu. "Na bosi?" Nikamwambia naye yumo, wa saba. Akatikisa kichwa akasema, "Haya, kama wote tumo." Akaendelea kupiga deki. Wiki iliyofuata nikagundua anakuja kwa miguu, na kwake sio karibu, anatoka alfajiri kabla hakujakucha ili saa moja awe ameshafungua madirisha. Hakulalamika. Kilio cha samaki, machozi huenda na maji.

Kuna Mjerumani mmoja wa zamani, mtaalamu wa takwimu, aliitwa Ernst Engel (sio yule rafiki yake Karl Marx, yule ni Engels, huyu hana s mwishoni, hata mimi nilichanganya mwanzoni), mwaka 1857 alichukua hesabu za matumizi ya familia za wafanyakazi akaona kwamba kadiri familia inavyokuwa maskini ndivyo fungu kubwa zaidi la kipato linavyoishia kwenye chakula. Ndo hivo tu, na mpaka leo wachumi wanaliita kanuni ya Engel na halijapinduliwa. Kwa mtu wa hesabu kama mimi hiyo inaeleza kila kitu. Ukisema kila mtu apunguze asilimia 10 inasikika kama haki, kwa sababu asilimia ni ile ile. Lakini asilimia 10 ya bosi inatoka kwenye kile ambacho angeweka akiba, hata tumboni haifiki. Asilimia 10 ya mlinzi inatoka kwenye sahani, au kwenye daftari la mtoto, au kwenye nauli, hakuna sehemu nyingine ya kuitoa kwa sababu hela yote ilikuwa na kazi kabla haijaingia mfukoni. Na ukishakuwa hapo chini kila kitu kinakuja kwa bei ya juu, unanunua kidogo kidogo kwa hiyo unalipa zaidi kuliko anayebeba katoni, ukikopa unakopa kwa riba ya kunyonga maana huna dhamana, ukichelewa kulipa unapigwa faini, na huku mwenye nazo benki ndo inampigia simu kumuuliza kama angependa mkopo.

Halafu kuna kitu kingine ambacho mwenzangu hakukigusa kabisa, nacho ni kwamba hali ikiwa mbaya kuna wanaonufaika, wahenga walishasema kufa kufaana. Angalia ule mdororo wa uchumi wa 2008. Soko la hisa la Marekani lilianguka zaidi ya nusu toka Oktoba 2007 mpaka Machi 2009, na ni kweli matajiri ndo wenye hisa, kwa hiyo kwa karatasi wao ndo walioanguka kutoka juu zaidi. Ila mwenye hisa kama ana cha kula akiwa anasubiri, anasubiri tu. Kufika Machi 2013 faharasa ya hisa za makampuni 500 makubwa ilikuwa imesharudi pale pale ilipokuwa kabla ya kuanguka, na yule aliyekuwa na hela taslimu akanunua 2009 watu wakiwa wanauza kwa hofu, huyo alitoka na zaidi ya mara mbili. Wakati huo huo mtu aliyefukuzwa kazi, na ukosefu wa ajira kule ulifika asilimia 10 Oktoba 2009, akashindwa rejesho la nyumba, benki ikaichukua nyumba, huyo nyumba ilipopanda bei tena haikuwa yake. Mshtuko ulikuwa mmoja, mwingine ulimpitia kama mafua mwingine ukamkata mguu.

2020 wakati wa korona tukaona tena, safari hii kwa haraka zaidi. Hisa zilishuka kama asilimia 34 kuanzia katikati ya Februari mpaka Machi 23, watu wakasema mwisho wa dunia, Agosti zikawa zimerudi zote. Agosti ya mwaka ule ule! Oxfam, lile shirika la misaada, walitoa ripoti Januari 2022 wakasema watu kumi matajiri kuliko wote duniani mali yao iliongezeka zaidi ya mara mbili tangu janga lianze, toka dola bilioni 700 mpaka trilioni moja na nusu. Na upande wa pili Benki ya Dunia wakakadiria kwamba mwaka 2020 pekee kama watu milioni 70 walisukumwa kwenye ufukara wa kutupwa, wakati kwa miaka mingi hiyo idadi ilikuwa inapungua tu. Sasa mtu akikwambia korona ilituumiza wote, we mwambie ndio, ugonjwa ulituogopesha wote, kwenye hela tuongee vizuri.

Na hilo la mashua moja. Aprili 1912 ile meli ya Titanic ilizama na kweli humo ndani walikuwa chombo kimoja, barafu moja, usiku mmoja, huwezi kupata mfano wa "wote tuko pamoja" ulionyooka kama huo. Abiria wa daraja la kwanza waliopona walikuwa kama sita katika kila kumi. Wa daraja la tatu, robo tu. Tajiri kuliko wote waliokuwemo, John Jacob Astor, alikufa, kwa hiyo mwenzangu akitaka mfano wa tajiri aliyeumia huyo nampa bure. Ila wa daraja la tatu walikuwa chini kule, boti za kuokolea ziko juu, na hata habari kwamba meli inazama iliwafikia kwa kuchelewa. Kabla sijaambiwa nipige kasia mi huwa nauliza boti ziko upande gani.

Tena huo msemo wa tuko pamoja una historia yake kwenye siasa. Uingereza, George Osborne aliutumia kwenye hotuba yake ya mkutano wa chama chake cha Conservative mwaka 2009, mwaka uliofuata akawa waziri wa fedha na ukawa kama wimbo, wote tuko pamoja kwenye hili, kila mtu abane matumizi. Sawa. Januari 2011 kodi ya ongezeko la thamani ikapandishwa kutoka asilimia 17.5 mpaka 20, na hiyo ni kodi ambayo kila anayenunua kitu analipa, anayefagia na anayemiliki. Halafu bajeti ya Machi 2012 ikashusha kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato, kile kinachowahusu wenye vipato vikubwa sana, kutoka asilimia 50 mpaka 45 kuanzia Aprili 2013. Wana sababu zao walizitoa, kwamba ile 50 haikuwa inaleta makusanyo ya maana, na huenda kweli haikuwa inaleta, mi sibishani na hilo leo. Nasema tu, wote tuko pamoja, mmoja anapandishiwa mwingine anashushiwa.

Kuna kile kisa cha ndege pia, hiki huwa nakipenda sana. Novemba 2008 wakuu wa makampuni matatu makubwa ya magari ya Marekani, General Motors, Ford na Chrysler, walikwenda Washington kuliomba bunge hela ya kuyanusuru makampuni. Wanaenda kuomba, mikono wameikunja. Na kila mmoja amekuja na ndege yake ya binafsi! Wabunge wakawauliza kama hata kupanda ndege moja watatu pamoja ilishindikana. Walivyorudi Desemba wakaja kwa magari, barabarani, masaa na masaa. Wengine wanakicheka kile kisa wanasema ni kiburi, mi nadhani sio kiburi, nadhani haikuwajia tu kichwani. Ukishazoea ndege ya kwako kwa miaka, ndege inakuwa kama viatu, nani anaombea msaada akaanza kwa kujiuliza avue viatu? Wale watu wakisema wanaumia hawadanganyi, wameona mauzo yameanguka, usingizi hawana, stresi za kweli. Ila hawajapunguza kitu cha kwao kwa sababu hakuna kilichowalazimisha.

Hata hasara yenyewe, mwenye nazo anaweza kuigawana na serikali. Mwaka 1933 bunge la seneti la Marekani lilimhoji J. P. Morgan, mwenye benki, yule mtoto sio baba, ikajulikana kwamba 1931 na 1932 hakulipa kodi ya mapato hata senti, na washirika wake hivyo hivyo. Hakuvunja sheria. Alikuwa amepata hasara kwenye hisa, akaitoa kwenye hesabu ya kodi, ikabaki sifuri. Hebu fikiria mwaka 1932, foleni za watu wasio na kazi zinazunguka mitaa, na mtu mwenye jina kama lile anatoa sifuri. Yule mama wa kwetu alipopoteza siku tatu za wiki, hiyo hasara aliipeleka wapi akapunguziwa nini? Na msiseme ni mambo ya zamani, mwaka 2011 Warren Buffett mwenyewe, bilionea, aliandika gazetini kwamba alilipa asilimia 17.4 ya kipato chake kinachotozwa kodi, wakati wafanyakazi wengine 20 wa ofisini kwake wastani ulikuwa asilimia 36. Aliandika mwenyewe, hakukamatwa.

Naomba niwe mkweli kwa upande mwingine maana najua watajitokeza wa kunijibu. Sio kila mwenye biashara ni tajiri ninayemsema. Kuna mtu ana duka, ana watu wanne amewaajiri, mwezi ukiwa mbaya anakopa ili awalipe, anaweka nyumba rehani, yeye mwenyewe anakaa miezi miwili hajajilipa. Huyo anaumia, anaumia vibaya sana tena kimya kimya kwa sababu mtaani wanamwita tajiri na shemeji zake wanamkopa. Nimemfanyia mmoja wa hivyo hesabu zake za jioni, najua. Huyo simgusi. Na wapo matajiri wakubwa pia walioanguka mpaka chini kabisa, lile anguko la soko la hisa la Marekani la 1929 lilikula watu. Lakini wenye mali wakianguka hivyo inakuwa habari ya gazeti, na maskini akianguka haiandikwi kwa sababu hakuanguka kutoka mbali. Ripoti ya Dunia ya Tofauti za Kipato ya mwaka 2022 ilisema nusu ya chini ya watu wote duniani, nusu nzima, wanamiliki asilimia 2 tu ya mali yote, na asilimia 10 ya juu wanamiliki 76. Ukiwa na 76 na ukapoteza kidogo, bado unabaki na 70 na kitu. Ile 2 ukiimega unamega nini?

Sasa je, haiwezekani kabisa tajiri akashiriki kwenye ugumu? Inawezekana, imeshafanyika, na ni vizuri tuangalie ilifanyikaje. Uingereza wakati wa vita kuu ya pili waliweka mgao, kuanzia Januari 1940, siagi, sukari, nyama, kila mtu ana kitabu chake cha mgao, na mgao uliendelea mpaka Julai 1954, miaka 14! Mfalme naye alikuwa na kitabu chake. Sisemi mfalme alilala njaa, na wenye hela walikuwa na njia zao za pembeni, ila sukari ya halali ilipimwa kwa mizani ikatosha hiyo hiyo kwa mwenye shamba na kwa mfagia barabara, na hakuna aliyesubiri tajiri aguswe moyoni, iliandikwa ikawa sheria. Marekani mwaka 1944 kiwango cha juu cha kodi ya mapato kilifika asilimia 94, yaani ukishavuka kiasi fulani, na kiasi chenyewe kilikuwa kikubwa sana, kila dola ya ziada senti 94 zinaondoka. Hapo mtu akisema wote tunafunga mikanda unaweza kwenda kuangalia mkanda wake umefika tundu la ngapi.

Na wapo waliojianzia wenyewe. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Tanzania waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, pamoja na kukatwa mshahara wakiwa kwenye utumishi huo. Mwalimu Nyerere alikasirika akawarudisha makwao, ila papo hapo akatangaza na mshahara wake mwenyewe unapungua asilimia 20. Unaweza kubishana na lile la kufukuza wanafunzi, wengi wamebishana, lakini hilo la pili nani analibishia? Januari 2014 kule Japani, mkuu wa Nintendo, kampuni ya michezo ya video, Satoru Iwata, mauzo yamekwenda vibaya, akakata mshahara wake nusu kwa miezi mitano na wakurugenzi wenzake asilimia 20 mpaka 30. Mwaka uliotangulia, 2013, alikuwa ameshawaambia wenye hisa kwamba mfanyakazi anayeogopa kufukuzwa hawezi kutengeneza michezo ya kuwavutia watu, kwa hiyo hataki kupunguza watu. Akaanzia kwake. Nusu! Na bado nina uhakika alikula vizuri tu ile miezi mitano, nusu ya mshahara wa mkuu wa kampuni kama ile inatosha ukoo, lakini angalau mstari wake kwenye jedwali ulikuwa na uzito.

Ndo nirudi kwenye jedwali letu, nilisema safu ya tatu nitairudia. Ilikuwa inaonyesha muda. Mistari sita ya kwanza, posho, ovataimu, wafanya usafi, bima, mikataba, vocha, yote bosi aliandika maneno yale yale, "hadi taarifa nyingine", na mimi nikayakopi kutoka chumba kimoja mpaka kingine, kuburuta tu. Mstari wa saba, wa gari, ulikuwa na tarehe. Mwezi na mwaka kabisa. Wakati nachapa wala sikuona ajabu yoyote.

Lile gari lilikuja mwezi ule ule ulioandikwa, mauzo yalikuwa yameshatengemaa, nadhani hata lilikuja wiki moja kabla. Voucha ya malipo niliiandaa mimi. Yule mama bado anakuja siku tatu, kwa miguu, na bado huwa ananiuliza akipita mezani kwangu, "Mwanangu, ile taarifa nyingine haijatoka?" Namwambia bado mama.

Sasa namuuliza mwenzangu wa wiki jana, kwa heshima kabisa, na ajibu humu humu tumsome wote. Hao matajiri wake wanaoumia, mstari wao una tarehe au hauna?

Wako msomaji,
Karani wa hesabu